Mguu wa Mama Mkwe Kwenye Klachi

Mwaka niliooa, kabla hata hatujapata kabati la vyombo, nilinunua gari. Nasema gari, ingawa majirani zetu pale Makadara walikuwa na majina mengine ya kuliita. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la viti viwili, la kijani, lenye paa la turubai lililochanika upande mmoja. Lilikaa chini sana, hata mtu mzima akitaka kusema na dereva ilimbidi achutame. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu wa kiwanda fulani. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, na gari likabaki nyuma ya ghala nililokuwa karani wake kule Industrial Area. Nililipita kila asubuhi nikienda kazini na kila jioni nikitoka, mpaka siku moja nikajikuta nimelipangusa vumbi kwa leso yangu. Mtu akishafika hapo, hana budi kununua.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuuliza maswali kwa utaratibu. Alitoka nje akalizunguka.

"Viti ni viwili," akasema.

"Ni viwili."

"Na mimi ni mjamzito."

"Najua."

"Basi mtoto atakaa wapi?"

"Utampakata."

Aliliangalia tena kwa muda, kisha akacheka hadi akashika kiuno. Nikajua nimesamehewa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na sisi tulikuwa Wakamba wawili vijana tuliojiona watu wa mjini. Hata hivyo kuna mambo tuliyotoka nayo nyumbani. Moja ni heshima ya mkwe. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tunaiita nthoni. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima iliyozidi kiasi mpaka haiwezi kukaa chumba kimoja. Mama mkwe wangu mwenyewe nilikuwa nimemwona mgongo tu, siku ya harusi, na hata huo niliuangalia kwa wizi.

Siku za kujifungua zilipokaribia, mama huyo alikuja kutoka Tala kumtunza binti yake. Asingeweza kulala kwetu. Alifikia kwa mdogo wake, aliyekuwa akiishi mtaa huohuo, mstari wa nyumba nyuma yetu. Nikishatoka kwenda kazini, yeye huingia. Jioni kabla sijafika, yeye hutoka kwa mlango wa jikoni. Nilikuwa sijui anajuaje saa ya kutoka, maana muda wangu wa kurudi ulibadilika kila siku. Mke wangu ndiye aliyenieleza.

"Anasikia gari lako likikata kona kutoka Jogoo Road," alisema. "Hakuna gari lingine linalolia hivyo. Likilia, anachukua kiondo chake, anaenda."

Kwa hiyo gari lile, pamoja na dharau zote za majirani, lilikuwa ndilo linalolinda adabu ya nyumba yangu.

Halafu klachi ikafa.

Haikufa ghafla. Kwanza gia ya kwanza ilianza kulalamika, ikasaga kidogo kabla ya kuingia. Wiki iliyofuata nikawa nalazimika kuipiga pedali mara kadhaa haraka haraka ndipo ikubali. Mwishowe, jioni moja nilipokuwa natoka ghalani, nikaikanyaga ikashuka hadi sakafuni, ikabaki hukohuko, laini kama ninakanyaga majivu. Nililisukuma ukutani kwa msaada wa askari wa mlango, nikashika njia ya kurudi nyumbani kwa miguu, nikivuka reli pamoja na watu wa viwandani. Nilifika kwangu kimya, bila mlio wowote. Nikafungua mlango wa mbele.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba na bakuli la uji.

Sikumbuki nani aliruka kwanza. Aligeukia ukuta akajifunika leso kichwani, bakuli likiwa bado mkononi. Mimi nilirudi kinyumenyume, nikakosa ngazi, mguu mmoja ukaingia kwenye mtaro wa maji machafu. Nikasimama humo, nikitazama upande wa barabara, mpaka niliposikia mlango wa jikoni ukifungwa. Mke wangu alinitokea mlangoni huku ameuma midomo asicheke.

"Rekebisha gari," akasema, "au nunua kengele."

Jumamosi tulilivuta hadi mtaani kwa kamba. Aliyenivuta ni jirani yetu, Mswahili wa Mombasa mwenye duka dogo kwenye kona, aliyekuwa na pikapu ya kubebea unga na sabuni. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia iliyotariziwa kwa mkono, na aliyapenda magari ya zamani kama wengine wanavyopenda njiwa. Alifungua boneti akainama.

"Jirani, klachi hii si ya waya," akaniambia. "Yafanya kazi kwa mafuta. Wewe wakanyaga pedali, silinda hii ya juu yasukuma mafuta, mafuta yashuka kwa mpira, yenda kusukuma silinda ya chini kule kando ya giaboksi. Ya chini nayo yasukuma chuma, chatenganisha klachi. Basi. Mafuta yakivuja popote njiani, au hewa ikiingia, nguvu ya mguu wako yapotea."

Tulifungua kikopo cha mafuta. Kilikuwa kikavu. Akaniambia niingize mkono chini, juu ya pedali, nipapase ile silinda ya juu kwa ndani. Ilikuwa kavu, yenye vumbi tu. Basi tatizo halikuwa hapo. Nikajilaza chini ya gari, nikaibandua ile kofia ya mpira inayofunika silinda ya chini, na mafuta meusi yakanimwagikia shingoni. Jirani alisikia nikitema mate akasema kwa utulivu, "Naam. Huyo ndiye mgonjwa."

Nilienda Grogan, kwa wauza spea, na silinda imefungwa kwenye gazeti. Nilipata mipira ya ndani inayolingana. Jirani alinionyesha jinsi ya kuisugua silinda kwa msasa laini uliolowekwa mafuta ya breki, kuzungusha bila kukwaruza, kisha kuingiza mipira kwa vidole peke yake, bila chuma. Tulifunga kila kitu. Ilibaki kazi moja tu, kutoa upepo. Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja akae kwenye kiti akanyage pedali na kuishikilia. Mwingine awe chini, afungue nati ndogo ili mafuta yatoke na hewa yake, aifunge kabla pedali haijaachwa. Ukikosea mpangilio, gari linavuta hewa nyingine na unaanza upya.

Tulipanga kuifanya Jumamosi iliyofuata. Lakini katikati ya wiki jirani alipata habari ya kufiwa na mjomba wake, akafunga duka akapanda treni ya Mombasa.

Ilipofika Jumamosi hiyo, mke wangu alijaribu. Aliingia kwenye kiti kwa ubavu, tumbo likagusa usukani kabla mguu haujaifikia pedali. Tulivyomtoa humo ni habari nyingine. Alikaa kwenye kigoda kando ya gari akipumua, nami nikakaa kwenye tairi la akiba. Nilikuwa nafikiria ni nani nimwombe, maana vijana wa mtaa walikuwa wote wamekwenda mpirani, wakati mke wangu alipoitwa na sauti kutoka jikoni. Alienda, akarudi na uso wa mtu aliyepewa ujumbe mzito.

"Mama anasema," akaanza. "Anasema, mwambie mtu huyo, kama gari linahitaji mguu, miguu anayo."

Nilimtazama kuona kama anatania.

"Ingia chini ya gari kwanza," akasema. "Ukiwa chini hutamwona. Naye atakuwa juu anaangalia mbele. Amelifikiria vizuri, kuliko wewe."

Nilijivuta chini ya gari na spana yangu, chupa ya mafuta na kipande cha mpira wa kuelekeza mafuta kwenye kopo. Miguu yangu ilibaki nje hadi magotini, viatu nimevivua. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba soksi ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba. Nilikunja vidole. Nikasikia hatua, kisha mlango mdogo ukifunguliwa, kisha springi za kiti zikikubali uzito. Nilifumba macho hata pale nilipokuwa, ambapo sikuweza kuona chochote isipokuwa kutu.

"Mama anauliza, ni kipi?" sauti ya mke wangu.

"Mwambie cha kushoto kabisa."

"Mama anasema mguu haufiki."

Mto wa kitanda ukaletwa, ukawekwa nyuma ya mgongo wake. Halafu akavua kiatu. Nilisikia akikitua nje, na mke wangu akanipa sababu bila kuulizwa: "Anasema mguu mtupu unasikia vizuri."

Sasa tatizo likawa langu. Kazi ile ina maneno mawili, kanyaga na achia, na huwezi kumpa mama mkwe wako amri, mara ishirini mfululizo, kama unafundisha kuruti. Nilifikiri kidogo. Nikasema, "Mwambie nikigonga chuma mara moja, naomba akanyage ashikilie. Nikigonga mara mbili, naomba aachie."

"Amekubali."

Tukaanza. Nikagonga, pedali ikashuka, nikafungua nati, mafuta yakatoka kwenye mpira yakiwa yamejaa povu, nikafunga, nikagonga mara mbili. Tukaenda hivyo kwa muda, mke wangu akisimamia na kuniongezea mafuta kule juu. Kwenye sakafu ya gari palikuwa na tundu la kutu ukubwa wa kifuniko cha soda, na kupitia hapo, bila kutaka, niliona kisigino cha mama mkwe, kimepasukapasuka kwa mavumbi ya mashambani, kikishuka na kupanda. Niligeuza shingo. Baada ya hapo nilifungua nati kwa kupapasa.

Povu lilipungua, kisha likaisha. Mafuta yakatoka safi, yameungana. Nikamwomba mke wangu awashe gari, ajaribu gia kwa kuinama dirishani wakati mama yake amekanyaga. Gia ikasaga. Alijaribu tena, ikasaga vilevile.

Nilikata tamaa. Nililala pale, mafuta yakinikauka usoni. Mke wangu alikuwa amechoka, miguu imemvimba, nikamwomba aingie ndani ajilaze. Akaingia. Nikadhani na mama yake atashuka amfuate.

Hakushuka. Nilisikia sauti hafifu ya uzi wa katani ukisokotwa, nikatambua kwamba muda wote ule alikuwa akisuka kiondo, mikono ikifanya yake na mguu ukifanya yake. Halafu akasema, kwa Kikamba, kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka:

"Huko chini. Unanisikia?"

Hakuna mtu aliyekuwa kati yetu wa kupokea maneno.

"Ninasikia, mama," nikasema.

"Nisiposema mimi, nani atasema? Mtoto anakaribia, na gari liko hivi. Mwanzoni mguu ulikuwa unakanyaga kitu kama uji. Sasa si uji tena. Kinakaza, halafu kinanyumbuka kidogo, kama unakanyaga kiriba cha maji. Hakiendi chini, ila kinanyumbuka."

"Mama, ukikipiga mara nyingi haraka haraka, kinakaza zaidi?"

Pedali ilipanda na kushuka juu yangu. "Hapana," akasema. "Ni kulekule."

Hilo lilinifanya nifikiri. Kama ni hewa imebaki, ukiipiga pedali mara nyingi inakaza, kwa sababu unaibana. Kama haikazi, basi si hewa. Mafuta yalikuwa yanasukumwa yote, lakini kabla ya kufika silinda ya chini yalipata mahali pa kujificha. Nilinyoosha mkono nikaushika ule mpira mfupi unaounganisha bomba na silinda ya chini. Kwa nje ulikuwa mzima, mweusi, bila ufa hata mmoja.

"Mama, naomba ukanyage tena," nikasema, na sikugonga chuma.

Akakanyaga. Mpira ukavimba ndani ya kiganja changu, kama koo la chura. Akaachia, ukanywea. Nikamwomba tena, ili nihakikishe, na tena, nadhani kwa furaha tu.

"Nimekipata," nikasema. "Ni mpira umezeeka kwa ndani. Unavimba badala ya kupitisha."

"Kumbe," akasema. Kisha akaongeza, "Na hiyo soksi nayo imezeeka. Iache mlangoni, nitaishona."

Alivaa kiatu chake, akateremka, nikasikia mlango wa jikoni. Nilipotoka chini ya gari palikuwa na vipande vya katani tu kwenye kiti, na mto. Nilikaa kidogo kabla ya kuvua soksi. Niliiacha mlangoni, kama nilivyoambiwa. Jumatatu jioni niliikuta imekunjwa juu ya viatu vyangu.

Mpira mpya ilikuwa vigumu kuupata, maana gari lilikuwa limeacha kutengenezwa. Muuza spea mmoja alichukua ule wa zamani, akalinganisha nyuzi za skrubu kwenye ncha zake na za mpira wa breki wa lori dogo, akaufunga kwa vidole, ukaingia bila ubishi. Jirani alikuwa amerudi kutoka Mombasa, na jioni ileile tulitoa upepo tukiwa wawili. Nilipoingiza gia ya kwanza iliingia kimya kabisa. Jirani alikaa kwenye kiti akaingiza na kutoa, akaingiza na kutoa.

"Mashallah," akasema. "Yataka kuimbiwa." Nilimweleza nani aliyegundua ugonjwa wa pili. Alicheka kidogo, akavua kofia, akaivaa tena. "Salamu zake mama," akasema.

Uchungu ulianza asubuhi, wakati nafunga vifungo vya shati la kazini. Mama mkwe alikwishafika kwa mlango wa jikoni, maana binti yake alikuwa amemtuma mtoto wa jirani amwite. Nilitoka nje kwa mlango wa mbele nikawasha gari. Mke wangu akaingizwa kwenye kiti cha pili, kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Mama alikuwa amesimama ukumbini na begi la nguo na thamosi ya uji, na wote watatu tukaliona tatizo kwa wakati mmoja. Viti ni viwili.

"Nitafuata kwa basi," akasema, akiuambia ukuta.

"Mama," mke wangu akasema, kwa meno, "sitaki basi. Nakutaka wewe."

Nyuma ya viti kulikuwa na kijinafasi cha kuwekea mizigo, pa kutosha sanduku moja. Nilishuka, nikafungua turubai na kulikunja lote, nikaenda kusimama mbele ya gari nikiangalia mtaro. Nilisikia akipanda. Niliporudi kwenye usukani alikuwa ameketi kule nyuma, amegeuka kinyume nasi, mgongo wake umeegemea migongo ya viti vyetu, miguu juu ya buti, begi mapajani. Tuliondoka hivyo, mimi nikitazama mbele na yeye akitazama tulikotoka, mkono wake mmoja umepitishwa nyuma ya bega lake kushikwa na binti yake.

Jogoo Road asubuhi ilikuwa imejaa. Tulipita mabasi yaliyojaa watu madirishani, na wote walituangalia, wengine wakapunga. Nilibadili gia kwa upole kuliko nilivyowahi kubadili, ili mtu asitikisike. Kila nilipokanyaga klachi nilisikia mgongo wa kiti changu ukisukumwa kidogo, na baadaye nikafahamu kwamba kule nyuma naye alikuwa akikanyaga.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana. Nilipewa habari hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi, na aliyenipa ni mama mkwe, akiwa amesimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. "Wote wazima," alisema. "Ana paji la uso la kwenu." Nilimshukuru. Nikasikia akilia kwa sauti ndogo upande wa pili wa ubao ule, nami nikalia upande wangu.

Mtoto alipofikisha umri wa kutambaa, nilikwenda Tala na mbuzi na blanketi, kama inavyotakiwa kwa mtu anayetaka kuondolewa nthoni. Wazee waliongea, watu wakala. Mwishowe mama mkwe akatoka nje akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, na alifanana na mke wangu kwenye macho tu. Akanipa mkono. Ulikuwa mgumu, mkavu, na haukuniachia haraka.

"Klachi inaendeleaje?" akauliza.

Nilimwambia inaendelea vizuri. Baadaye, mtoto wa pili alipokuja, nililiuza gari kwa kijana mmoja aliyesema atalipaka rangi nyekundu. Mama mkwe aliposikia alinikasirikia wiki nzima, akisema nimeuza gari lake bila kumwuliza. Nadhani alikuwa na haki. Pale sokoni Tala, kwa miaka mingi, aliwaambia wanawake wenzake wa vyondo kwamba aliwahi kutengeneza gari Nairobi. Wakimwuliza alitengeneza nini, alinyoosha mguu wa kushoto, akawaonyesha.